Typhoon ilikatika mkia kwa sababu ya riveti? Na elevata iliyopakwa rangi inahusikaje?

"Shikamoo mzee. Nasomea ufundi wa ndege, niko mwaka wa mwisho, sasa hivi nafanya mafunzo kwa vitendo kwenye hanga moja ya ndege ndogo. Juzi tulimaliza kupaka rangi elevata (kile kibao cha mkia kinachoinua na kushusha pua ya ndege), tukawa tunataka kuirudisha tu kwenye ndege, kiongozi wetu wa zamu akakataa, akasema haifungwi mpaka ipimwe balansi upya, halafu akatuambia tukasome habari za Typhoon. Nimesoma. Karibu kila mahali naona wanasema ile ndege ya Waingereza ya vita vya pili ilikuwa inakatika mkia kwa sababu kiungo cha nyuma kilikuwa dhaifu, wakapigilia vibamba 20 kwa riveti (vile vipini vya kubana mabati) kuzunguka pale ikapona. Wengine wanasema ilikuwa jeneza linaloruka, imeua marubani wake kuliko adui. Sasa mzee, kiungo cha fuselaji, yaani kiwiliwili cha ndege, na rangi ya elevata vinakutana wapi? Rangi yenyewe haijafika hata kilo moja. Na hayo ya jeneza ni kweli?"

Marahaba kijana wangu. Umenifurahisha, maana hukuishia kusoma tu, umeona kuna kitu hakikai sawa ukauliza. Nikikuelewa vizuri kinachokusumbua ni kwamba umetumwa kwenye habari ya mkia, ukakuta habari ya riveti, na wewe mkononi una kopo la rangi, ukashindwa kuona uzi unaoviunganisha. Uzi upo, ila hayo uliyoyasoma yameanzia mwishoni. Mkia ulikatikia pale kwenye kiungo, hilo hakuna anayebisha, lakini kilichoanzisha balaa ni breketi moja ndogo ndani ya fuselaji iliyokuwa imeshika uzito wa balansi ya elevata. Ikivunjika hiyo, elevata inabaki haina balansi. Na elevata yenu baada ya kupakwa rangi inawezekana iko njiani kuelekea hukohuko, ndiyo maana huyo kiongozi wenu akawazuia, na amefanya vizuri sana.

Ngoja nikupe historia kidogo maana bila hiyo hutaelewa kwa nini ilichukua muda watu kugundua.

Typhoon ilitoka kwa Hawker, chini ya Sydney Camm, mtu yuleyule aliyebuni ndege ya kivita ya Hurricane. Iliruka mara ya kwanza tarehe 24 Februari 1940, injini yake ni Napier Sabre, silinda 24, haina valvu za kawaida kama ulizozoea, ina mikono ya chuma, yaani mirija kama mkono wa shati, inayozunguka kidogo na kupanda na kushuka ndani ya silinda ndiyo inafungua na kufunga njia za hewa. Nguvu zaidi ya farasi 2,000, wakati Spitfire za wakati ule, ndege nyingine za kivita za Waingereza, zilikuwa kama 1,000 na kitu hivi. Ndege nzima ikiwa imejaa inafika tani 5. Kwa mwaka 1940 hilo ni dude. Tarehe 9 Mei 1940 rubani wa majaribio Philip Lucas akiwa angani fuselaji ikapasuka nyuma tu ya mahali anapokaa, angeweza kabisa kuruka na parachuti akaiacha, hakuruka, akairudisha chini nzima ili wahandisi waone kilichotokea, akapewa George Medal, nishani ya ushujaa ya Waingereza. Hapa ndipo watu wengi wanachanganya. Wanaichukua ajali hii ya Lucas wanaiunganisha na mikia iliyokatika baadaye wanasema "unaona, ilikuwa dhaifu tangu mwanzo". Hapana, ni matatizo mawili tofauti, mahali tofauti, sababu tofauti. Ukisoma mtu anayeyaweka pamoja ujue hakuchimba.

Ikaingia kazini Septemba 1941 na skwadroni namba 56 pale Duxford, na iliharakishwa, tena sana, kwa sababu Wajerumani walikuwa wameleta Focke-Wulf 190 ambayo ilikuwa inaiacha Spitfire ya wakati ule. Kwa hiyo ndege ambayo ilitakiwa ikae kwenye majaribio kwa muda mrefu zaidi ikapewa vijana wa vitani wamalizie majaribio wao wenyewe. Kwanza kaboni monoksaidi ya injini ikawa inapenya mpaka kwa rubani, na ile hewa haina harufu wala rangi, mtu analegea tu halafu basi. Dawa iliyopatikana ikawa kurefusha mabomba ya ekzosi na kila rubani kuvaa barakoa ya oksijeni tangu injini inawashwa mpaka inazimwa, hata akiwa chini kabisa karibu na miti. Injini nayo ikawa haiwaki kwenye baridi, na ile mikono ya ndani ikawa inalika na kupoteza umbo la duara, mafuta yanaliwa, inasimama angani. Hilo lilitulia walipochukua ujuzi wa kampuni ya Bristol waliokuwa na uzoefu zaidi wa kutengeneza vitu hivyo. Na kwa kuwa ukiitazama kutoka mbali inafanana na Focke-Wulf, tarehe 1 Juni 1942 Typhoon 2 zikaangushwa na Spitfire za upande wao wenyewe. Baadaye wakaichora mistari myeusi na myeupe chini ya mabawa ili itambulike.

Sasa mikia. Katikati ya mwaka 1942 ndege zikaanza kupoteza mkia mzima angani. Mabaki yakiokotwa mkia uko peke yake, umekatika safi pale unapoungana na fuselaji, kile kiungo ambacho kiliwekwa ili ndege iweze kutenganishwa kwa kusafirishwa. Ukiwa fundi unaokota vipande unakuta vyote vimeachana palepale utasema nini? Utasema kiungo ni kibovu. Na mwanzoni wengine walisema kosa la rubani, kwamba vijana wanapiga mbizi kwa kasi kubwa mno halafu wanavuta usukani kwa nguvu.

Tarehe 11 Agosti 1942 ndipo hiyo hoja ya rubani ikafa, na ilikufa kwa gharama kubwa. Kenneth Seth-Smith, rubani wa majaribio wa Hawker, mtu aliyeijua ndege hii kuliko karibu wote, alipaa kutoka Langley kufanya jaribio la kasi kwenye mwendo wa kunyooka, hapigi mbizi, havuti kitu. Ikasambaratika angani juu ya kijiji cha Thorpe akafa. Camm na watu wake wakakataa kabisa kusikia habari ya kosa la rubani. Walipoyachambua yale mabaki wakaona breketi ya uzito wa balansi ya elevata ilikuwa imeng'oka kwenye muundo wake. Kiungo kilikuwa kimekatika pia, ndiyo, lakini baada ya breketi.

Kwa nini breketi ndogo vile iangushe ndege ya tani 5? Hapa soma taratibu, ndiyo moyo wa jibu lenyewe.

Elevata imening'inia kwenye bawaba upande wa mbele, na kwa hali yake ya asili uzito wake mwingi uko nyuma ya bawaba, si ndiyo. Sasa ndege ikikumbana na msukosuko wa hewa, mkia unapinda kidogo kwenda juu. Elevata kwa kuwa ni nzito upande wa nyuma inachelewa, yaani mkia umeshapanda yenyewe bado iko chini, kwa hiyo ukingo wake wa nyuma unakuwa umeelekea chini. Elevata ikielekea chini hewa inausukuma mkia kwenda juu. Umeona? Mkia ulikuwa tayari unapanda, na sasa hewa inauongezea kupanda. Ukifika juu unarudi kama springi, unashuka, elevata inachelewa tena, safari hii inabaki juu, na hewa inausukuma mkia chini zaidi. Ni kama unamsukuma mtoto kwenye bembea, kila akirudi unaongeza kidogo kwa wakati wake, hutumii nguvu nyingi lakini anafika juu mpaka mama yake anapiga kelele. Huo mtetemo ndio tunaouita flata.

Kwenye kasi ndogo hewa yenyewe inautuliza, unatetemeka mara mbili tatu unakufa. Lakini kuna kasi fulani, kila ndege na ya kwake, ukiivuka hewa inatia nguvu nyingi kuliko inavyozitoa, na hapo mtetemo unajilisha wenyewe unakua mpaka kitu kikatike. Muda wenyewe ni sekunde, wakati mwingine haifiki hata sekunde nzima, rubani hana nafasi ya kufikiri sembuse kufanya kitu. Typhoon kwenye mwendo wa kunyooka tu ilikuwa inakaribia kilomita 660 kwa saa, na kwenye mbizi inapita hapo kwa mbali, kwa hiyo ilikuwa inaishi upande mbaya wa kasi hiyo siku zote, na kilichokuwa kinailinda ni ule uzito wa balansi peke yake.

Kazi ya uzito wa balansi ni kuzuia elevata isichelewe. Unaweka kilo kadhaa za madini ya risasi au chuma mbele ya bawaba ili kitovu cha uzito kirudi pale kwenye bawaba au karibu yake, basi mkia ukipanda elevata inapanda nayo pamoja, hakuna kuchelewa, hewa haipati pa kuingilia. Kwenye ndege nyingi ndogo unazozishika wewe uzito huo umefichwa kwenye pembe ya elevata, ile sehemu ya ncha inayojitokeza mbele ya bawaba. Kwenye Typhoon ulikuwa ndani ya fuselaji, umeunganishwa na fito za usukani, umeshikwa na ile breketi. Breketi ikachoka kwa mitetemo, ikapata ufa, ikaachia. Siku ilipoachia, elevata ikageuka ghafla kuwa kitu kingine kabisa na ndege iko kwenye kasi ya hatari tayari. Mkia unapigwapigwa juu chini na kiungo kinabeba mzigo ambao hakuna mtu aliyekitengeneza kuubeba. Kingekuwa imara mara mbili pengine pangekatika mahali pengine.

Ndipo tunafika kwenye vile vibamba vyako 20. Vipo kweli, ni vibamba vya aloi vilipigiliwa kwa riveti kwa nje kuzunguka kiungo, ukitazama picha ya Typhoon ya baadaye karibu na mkia utaviona vimejipanga kama mkufu. Kwa sababu vinaonekana ndiyo vikawa maarufu, na breketi iko ndani haionekani kwenye picha wala watengeneza vinyago vya ndege hawaibandiki, kwa hiyo habari yote ikaenda kwa vibamba. Lakini soma rekodi za baada ya hapo, mikia iliendelea kukatika, mara chache zaidi lakini iliendelea, mpaka karibu na mwisho wa kazi yake. Kwa jumla ndege zaidi ya 20 zilipotea kwa njia hii na karibu marubani wote wa hizo ndege wakafa nazo. Breketi na mfumo wa balansi ulifanyiwa marekebisho pia, na Typhoon za mwishomwisho zikafungwa bawa la mkia kubwa zaidi lililotoka kwa mdogo wake, Tempest. Kwa hiyo mtu akikwambia "wakapigilia vibamba ikapona" mwambie hapana, vibamba vilipunguza, havikuponya.

Hilo la jeneza nalo nitakujibu kwa haki maana kuna wanaoitukana na kuna wanaoiabudu. Miezi ya mwanzo kabisa, ndiyo, ndege zilizopotea kwa injini na kuvunjika zilikuwa nyingi kuliko zilizopotea mikononi mwa adui, na kulikuwa na wakubwa waliotaka ifutwe. Walioitetea walikuwa na hoja pia, hasa Roland Beamont aliyekuwa kiongozi wa skwadroni 609 pale Manston, kwa sababu Focke-Wulf zilikuwa zinavuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza zimelala karibu na maji, zinatupa mabomu kwenye miji ya pwani ya kusini na kukimbia, na chini kule hakuna ndege nyingine ya Waingereza iliyokuwa inazikimbiza ikazipata. Typhoon ilizipata. Kwa hiyo waliamua kuendelea kuiruka huku dawa imekamilika nusu, na kwa hali ya vita ile siwezi kusema walikosea, ila ni uamuzi uliokuwa na majina ya watu ndani yake na inabidi tuseme hivyo wazi.

Kufika 1944 ilikuwa ndege nyingine. Roketi 8 chini ya mabawa au mabomu mawili, inashambulia ardhini mbele ya majeshi kule Normandy, Ufaransa. Hata kule ardhi iliiandama, vumbi la viwanja vya haraka vya Normandy lilikuwa linasaga ile mikono ya injini mpaka wakatengeneza vichujio vipya mbiombio. Lakini muuaji mkubwa sasa ilikuwa mizinga ya kutungulia ndege, maana unaingia chini, umenyooka, unalenga, na wao wanakulenga. Pale Noyers-Bocage kuna mnara wenye majina ya marubani 151 wa Typhoon waliokufa kwenye kampeni ile ya Normandy peke yake. Linganisha hiyo na mikia 20 na kitu ya miaka yote utaona mwenyewe jibu la swali lako, adui aliua wengi zaidi kwa mbali, ila mwanzoni ndege yenyewe ilikuwa inashindana naye.

Na kuna ajali ambazo hazina uhusiano na riveti wala breketi, nazitaja kwa sababu ukisema "historia ya ajali za Typhoon" ukaziruka unakuwa hujasema kweli. Tarehe 27 Agosti 1944 Typhoon zilitumwa kushambulia meli karibu na Le Havre, kumbe ni meli za kufagia mabomu ya baharini za Waingereza wenyewe, taarifa za mabadiliko ya kazi yao hazikuwafikia waliopaswa kujua, viongozi wa ndege waliuliza njiani wakaambiwa endeleeni, HMS Britomart na HMS Hussar zikazama. Na tarehe 3 Mei 1945, siku chache tu kabla vita haijaisha Ulaya, zikazamisha Cap Arcona na Thielbek kwenye ghuba ya Lübeck, marubani wakiamini zimebeba wanajeshi wanaotoroka, kumbe zimejaa maelfu ya wafungwa wa kambi za mateso. Ndege ilikuwa nzima kabisa siku hizo zote mbili.

Kati ya Typhoon zaidi ya 3,300 zilizotengenezwa, nyingi na kampuni ya Gloster, iliyobaki kamili ni moja tu, MN235, ya makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza.

Haya turudi kwenye hanga lenu. Umesema rangi haifiki kilo, na nakubali. Lakini usipime kilo, pima kilo mara umbali kutoka kwenye bawaba. Elevata ina eneo kubwa nyuma ya bawaba na dogo sana mbele, kwa hiyo rangi karibu yote inakaa upande mbaya. Chukua mfano wa gramu 100 tu zilizokaa sentimita 30 nyuma ya bawaba, uzito wa balansi uliopo sentimita 10 mbele inabidi uongezewe gramu 300 ili kuzifuta hizo 100. Sasa kama mlipaka juu ya rangi ya zamani bila kuikwangua, na kabla yenu kuna mwingine alifanya hivyohivyo, hesabu unaiona inakoenda. Na si rangi tu, kiraka kidogo karibu na ukingo wa nyuma, maji yaliyobaki ndani kwa sababu tundu za kutolea maji zimezibwa na vumbi au na hiyo rangi yenu mpya, nyigu wale wanaojenga kwa udongo wakiingia ndani ndege ikiwa imeegeshwa muda mrefu, vyote vinakaa nyuma ya bawaba. Ulegevu wa bawaba na wa ile tabu ndogo ya trimu, kile kibao kidogo kwenye ukingo wa nyuma wa elevata, nao unaharakisha flata hata kama balansi iko sawa, kwa hiyo mkiwa pale shikeni na hiyo mpime mchezo wake.

Njia mlizo nazo ni chache. Mnaweza kuipima kama ilivyo, ikiwa ndani ya viwango vya kitabu cha matengenezo cha ndege hiyo basi mnaifunga na kuandika kwenye kumbukumbu. Ikitoka nje ya viwango, vitabu vingine vinaruhusu kuongeza uzito kwenye pembe mpaka kiwango fulani, vingine haviruhusu, na hapo hakuna kukisia, mnafuata kilichoandikwa. Mimi binafsi kama kuna tabaka kadhaa za rangi chini ningeanza kwa kuikwangua yote na kupaka upya nyembamba kuliko kurundika risasi mbele, maana kuongeza uzito pande zote mbili kunaifanya elevata nzima iwe nzito na breketi na bawaba zinabeba zaidi. Ina gharama na inachelewesha ndege, mwenye ndege atalalamika, nalijua hilo. Upimaji wenyewe unafanyika elevata ikiwa imefungwa vitu vyake vyote, tabu, nyaya, vifuniko, rangi imekauka kabisa, kwenye stendi iliyolala sawa na mahali pasipo na upepo, hata feni ya hangani izimwe.

Mambo ambayo hupaswi kuyamaliza kwa kuniuliza mimi wala mtu mwingine kwa maandishi ni haya. Kwanza, namba za balansi, usikubali mtu akutajie kutoka kichwani, na kazi yenyewe asaini injinia mwenye leseni ya aina hiyo ya ndege akiwa ameiona kwa macho yake. Pili, rubani akirudi akasema amehisi usukani unavuma au unatetemeka kwenye kasi fulani, hata kama ulitulia alipopunguza kasi, ndege hiyo hairuki tena siku hiyo hata kwenda kiwanja cha jirani kufuata fundi, fundi ndiye aifuate, akague bawaba, breketi, uzito wa balansi, fito, ngozi ya mkia na riveti zake kwa mkono na kioo. Tatu, mkikuta ufa wowote kwenye breketi ya balansi msichimbe tundu la kuuzuia wala kubandika kibamba juu, ripotini kwa mhusika wa usalama wa kituo chenu na kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kwa sababu ndege nyingine za aina hiyo zinaweza kuwa na ufa huohuo sasa hivi na wenyewe hawajui.

Kesho ukifika mwombe huyo kiongozi wenu akuruhusu ushike mizani wewe mwenyewe wakati wanapima, na uandike namba za kabla na za baada.